Shajara ya mradi: mikwaju mifupi pembeni ya grini

Lengo

Nikikosa grini (eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo na bendera), nimalize shimo kwa mikwaju miwili: mmoja wa kuuingiza mpira grini, mmoja wa kuufukia shimoni. Basi. Habari za mkwaju wa kwanza wa shimo, au za kusukuma mpira wa mita ishirini, hazimo humu. Kwa sasa, kwenye gemu ya gofu ninayocheza mtandaoni, mkwaju wa tatu unanitoka mara nyingi mno, na huo ndio unaonibakiza katikati ya msimamo kila shindano.

Wanaofuatilia gofu halisi watasema nimeanzia pasipostahili. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyechambua takwimu za PGA Tour (mashindano ya gofu ya kulipwa ya Marekani), alionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji bora na wengine hutokana na mikwaju mirefu. Kwa gofu ya uwanjani sibishi. Kwenye gemu mambo ni mengine: watu wa daraja langu tuna fimbo zinazolingana, mstari wa nguvu (ule unaobofya kishale kikiupitia ili kuchagua nguvu) ni uleule, na ukibofya kwa wakati mpira unakwenda ulikouelekeza. Tunafika karibu na grini tukiwa sawa. Hapo ndipo gemu inapoacha kukupigia hesabu, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye fimbo haikuambii mpira utadunda wapi wala utabingirika kiasi gani.

Kwa asiyecheza: chipu ni mkwaju unaoruka kidogo na kubingirika sana. Pichi inaruka zaidi ya inavyobingirika. Flopu inapanda juu, inashuka karibu wima na kusimama. Gemu nyingi za aina hii zinakupa zote tatu kwenye kitufe kimoja, na wachezaji wengi hawakigusi kabisa. Wanapiga na chochote gemu ilichowachagulia.

Jumapili: daftari kabla ya mazoezi

Sijagusa sehemu ya mazoezi bado. Nacheza kama kawaida na kuandika tu. Kila nikikosa grini naandika umbali hadi shimoni, mpira umelala kwenye nini, napanda au nashuka, fimbo gani, nguvu niliyobofya, mpira ulidunda wapi na ulisimama wapi. Gemu nimeiweka kwenye mita, maana yadi na futi zikichanganyika kwenye daftari moja ni vurugu tupu.

Safu ya "ulidunda wapi" inataka uvumilivu. Gemu inakuonyesha mpira uliposimama na umbali uliobaki, lakini doa la kutua halionyeshi. Lazima urudie picha ya mkwaju, usimamishe pale mpira unapogusa chini, uhesabu miraba ya grini kutoka ukingoni. Wengi hawahangaiki. Mimi naona ndiyo safu yenye thamani kuliko zote, kwa sababu mpira uliosimama mita tatu kabla ya shimo unaweza kuwa umefika hapo kwa njia mbili tofauti kabisa. Huenda ulitua palepale ulipotakiwa kisha ukaishiwa mbio. Huenda pia ulitua mapema mno. Wa kwanza unataka fimbo nyingine, wa pili unataka nguvu zaidi. Ukitazama umbali uliobaki peke yake unatibu homa bila kupima damu.

Shabaha nimeiazima kwa watu wa kulipwa, kwa kuwa takwimu zao zinajulikana. Kwenye PGA Tour mpira ulio futi 8 kutoka shimoni, kama mita 2.4, unafukiwa karibu nusu ya mara. Wa futi 3, yaani chini kidogo ya mita moja, hukoswa kwa nadra sana. Wa futi 10, mita 3 hivi, unafukiwa kama asilimia 40 ya mara. Ukizipanga namba hizo unaona mteremko mkali uko kati ya mita moja na mita mbili na nusu. Kuusogeza mpira kutoka mita sita hadi mita nne hakubadilishi sana kadi yako; kuusogeza kutoka mbili na nusu hadi moja kunabadilisha kila kitu. Kwa hiyo shabaha: mpira usimame ndani ya mita moja na nusu.

Jumatano usiku: daftari limeanza kusema

Kulia na kushoto si tatizo. Mipira karibu yote imesimama kwenye mstari wa shimo au jirani nayo. Tatizo liko mbele na nyuma, tena lina mpangilio: nikipiga kutoka chini kupanda, mpira unabaki nyuma, nikipiga kutoka juu kushuka, unapita mbali. Ukichukua wastani wa yote unapata karibu sifuri, na mtu angeridhika kwamba nguvu zake ziko sawa. Wastani huo hauna maana yoyote. Nimegawa daftari kurasa mbili, za kupanda na za kushuka.

Mstari wa nguvu unapima nini hasa?

Swali hili nimelifungia jioni nzima kwenye sehemu ya mazoezi, kwa sababu kila kitu kingine kinalitegemea. Kasi na umbali si kitu kimoja. Mpira unaobingirika kwenye grini tambarare unapunguzwa mwendo kwa kiwango karibu kilekile muda wote, hivyo umbali unakua kwa mraba wa kasi: nusu ya kasi inakupa robo ya umbali. Kama mstari wa nguvu unapima kasi, basi ukibofya katikati mpira utafika robo tu. Kama unapima umbali, utafika nusu. Maelezo ya gemu hayagusii suala hili popote.

Nikaanza na fimbo ya kusukumia, grini tambarare, nguvu kamili, kisha nusu, kisha robo. Nusu ikatoa nusu, robo ikatoa robo. Mstari unapima umbali, kazi ya mraba gemu inaifanya yenyewe kimyakimya. Hiyo ni habari njema.

Chipu ikaleta jambo la kuvutia zaidi. Namba iliyoandikwa kwenye fimbo, tuseme mita 20, ni jumla ya kuruka na kubingirika kwenye grini tambarare ya kasi ya kati. Jumla! Ukihamia grini yenye kasi, sehemu ya kuruka haibadiliki hata kidogo. Inayorefuka ni ile ya kubingirika peke yake. Ndiyo maana kuongeza au kupunguza nguvu kwa kukisia hakufanyi kazi: unabadilisha vyote viwili wakati kilichobadilika ni kimoja. Kuanzia leo kila chipu naigawa sehemu mbili na kuhesabu kila moja peke yake.

Namba ya grini

Gemu inaandika kasi ya grini kwa namba: 8, 10, 12, 13. Namba hiyo imetoka kwenye kifaa halisi kiitwacho Stimpmeter, alichokibuni Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935. Ni kijiti kirefu chenye mfereji. Unauweka mpira kwenye kikato chake, unainua mwisho mmoja polepole hadi mpira uanze kuteremka wenyewe kwenye pembe ya kama digrii 20, halafu unapima umbali uliobingirika kwa futi. Grini ya 10 ni grini ambayo mpira huo ulikwenda futi 10, kama mita 3.

Uzuri wake ni kwamba namba hiyo inaingia moja kwa moja kwenye hesabu. Mpira unaotoka na kasi ileile utabingirika kwa uwiano wa namba za grini. Uliobingirika mita 6 kwenye grini ya 8 utakwenda mita 9 kwenye ya 12. Hakuna haja ya kuhisi. Unagawa, unazidisha, unapiga.

Mteremko nao una hesabu yake, na hii ndiyo iliyonieleza kurasa zangu mbili. Chukua grini ya 10 yenye mteremko wa asilimia 3, yaani sentimita 3 kwa kila mita. Mpira ambao kwenye tambarare ungebingirika mita 3, ukipanda utafika kama mita 2.2, ukishuka utafika karibu mita 4.9. Tazama vizuri: kupanda kumekula sentimita themanini, kushuka kumeongeza karibu mita mbili. Hazilingani. Sasa peleka mteremko uleule kwenye grini ya 13: kushuka kunaongeza umbali mara mbili nzima. Na mteremko ukifika kama asilimia 6 kwenye grini hiyo ya 13, mvuto unalingana na msuguano, mpira hausimami mpaka ukutane na kitu au mteremko uishe.

Gemu haifuati hesabu hii hadi sentimita, nimeijaribu. Lakini inaelekea kulekule, na hilo linanitosha kubadilisha tabia: kwenye kushuka, kosa dogo la nguvu linazaa kosa kubwa la umbali, kwenye kupanda, kosa lilelile linamezwa. Hata kabla ya kuwa hodari wa chipu, naweza kupunguza mikwaju kwa kuchagua upande wa kukosea. Bendera ikiwa nyuma ya grini inayoinamia kwangu, bora nibaki mfupi. Ikiwa mbele, kuukosea mpira ukaangukia nyuma ya grini ni kujitafutia balaa.

Jumamosi: kanuni ya 12

Kwenye gofu halisi kuna kanuni ya zamani ya chipu, ya kichwani kabisa, haitaki karatasi. Toa namba ya fimbo kutoka 12. Jibu ni idadi ya sehemu za kubingirika kwa kila sehemu moja ya kuruka. Fimbo namba 9: 12 toa 9 ni 3, kwa hiyo sehemu moja hewani na tatu ardhini. Namba 7: moja kwa tano. Weji ya kawaida (fimbo yenye uso uliolala, ya kuinua mpira) inahesabiwa kama namba 10, hivyo moja kwa mbili. Kanuni inadhani grini ni tambarare na ya kasi ya kati.

Nikaipeleka kwenye gemu kwa umbali wa mita 12. Kwa weji, mpira utue mita 4 mbele na kubingirika 8. Kwa namba 9, utue mita 3, ubingirike 9. Kwa namba 7, mita 2 na 10. Weji na namba 9 zilitii kwa kiasi ambacho sikukitarajia. Namba 7 haikutii: inapenda kukimbia zaidi ya ilivyoandikwa, hasa grini ikiwa ya 12 kwenda juu. Nimeiweka kando isipokuwa kwa mpira uliolala ukingoni kabisa na shimo likiwa mbali.

Marekebisho ya kasi yanaingia vizuri humu. Grini ya 12 badala ya 10: sehemu mbili za weji zinakuwa 2.4. Mita 12 gawa kwa 3.4 ni mita 3.5 za hewani, zinazobaki 8.5 ni za ardhini. Nikiacha bila kurekebisha, nikatua mita 4, mpira unapita shimo kwa mita 1.6. Hapo ndipo ulipokuwa mkwaju wangu wa tatu.

Fimbo mbili zinatosha kwa kazi nyingi. Wapo wanaobeba chati za fimbo sita kwa kila kasi ya grini, na nawaheshimu, ila mimi shindanoni nina sekunde chache za kupiga na sitaki kusoma chati. Weji ikishindwa, namba 9. Zote mbili zikishindwa, pichi.

Mazungumzo ya kati ya mashimo

Leo nilicheza na mwenzangu mmoja tunayeshirikiana timu. Anapiga chipu kama mtu anayemwaga maji, bila haraka. Nikamuuliza analenga nini. Akaandika, "Kaka, wewe unalenga bendera. Bendera haipokei mpira, inaungoja." Akanionyesha kwamba alama ya kulengea anaivuta hadi pale anapotaka mpira utue, anauangalia mteremko wa kuanzia hapo, ndipo anarudi kuchagua nguvu. Bendera anaitazama mwisho.

Nilikuwa tayari nahesabu mahali pa kutua, ila jicho langu lilikuwa bado linaondoka kwenye doa na kwenda shimoni dakika ya kubofya. Nimejaribu mtindo wake mashimo yote yaliyobaki. Tofauti inaonekana zaidi pale mteremko unapokata kwa pembeni, kwa sababu mpira unaanza kupinda kuanzia unapotua, na hesabu ya kupinda inataka uanzie hapo.

Mfano ambao kila mpenzi wa gofu anaujua ni chipu ya Tiger Woods kwenye mashindano makubwa ya Masters ya 2005, shimo la 16 la uwanja wa Augusta, raundi ya mwisho. Mpira ulikuwa nyuma ya grini upande wa kushoto, na yeye hakuupeleka shimoni kabisa: aliutua mbali juu ya mteremko, akauacha mteremko uurudishe chini. Ukaja polepole, ukasita mdomoni mwa shimo, ukaingia. Siku hiyo alishinda kwenye shimo la ziada dhidi ya Chris DiMarco, baada ya kulingana. Watu wanakumbuka ule mdomo wa shimo. Mimi nikirudia picha zile natazama doa la kutua tu.

Nyasi ndefu na mchanga

Mpira ukilala kwenye nyasi ndefu gemu inaonyesha asilimia za nguvu zitakazopotea, kwa mfano 20 hadi 30. Nachukua katikati, 25. Hapa kuna mtego wa hesabu unaowanasa hata watu makini: ukitaka mita 12 na robo itapotea, kuongeza robo, yaani kupiga mita 15, hakutoshi. Robo ya 15 ikiondoka inabaki 11 na kidogo. Inabidi ugawe: 12 gawa kwa 0.75 ni 16. Kwenye mita 12 kosa ni chini ya mita moja, na kwa shabaha ya mita moja na nusu hiyo si ndogo.

Halafu kuna masafa yenyewe. Ukipiga 16 na gemu ikachukua asilimia 20, unapata 12.8; ikichukua 30, unapata 11.2. Kwa hiyo hata ukifanya kila kitu sawasawa kuna mita 1.6 za bahati. Umbali ukiongezeka mara mbili, bahati nayo inaongezeka mara mbili. Ndiyo maana nyasi ndefu za mita tano hazinitishi na za mita ishirini na tano zinanitisha, ingawa asilimia ni ileile kwenye skrini.

Jambo la pili kuhusu nyasi: zinaingia kati ya mpira na uso wa fimbo, mpira unatoka na mzunguko mdogo wa kurudi nyuma, kwa hiyo ukitua unakimbia zaidi. Uwanjani ni hivyo, na gemu imeuiga ukweli huo vizuri. Pichi ambayo kutoka nyasi fupi ingesimama mita mbili baada ya kutua, kutoka nyasi ndefu naipa nafasi kubwa zaidi na kuitua mapema.

Mchanga sina mengi ya kusema. Gene Sarazen alitengeneza weji ya mchanga yenye kitako kizito na akaitumia kushinda mashindano makubwa ya The Open mwaka 1932, ili fimbo iteleze ndani ya mchanga chini ya mpira badala ya kuchimba. Kwenye gemu kitako hakina kazi. Mchanga ni asilimia tu, kama nyasi, ila kubwa zaidi. Weji ya digrii 56 (ndiyo pembe ya uso wa fimbo), gawanya kama nilivyoeleza, lenga katikati ya grini kama bendera imebanwa ukingoni. Yamekwisha.

Kishale kinaruka

Kuna jioni kila kitu kilikwenda mrama kwa sababu isiyohusiana na gofu. Kishale cha nguvu kilikuwa hakiteremki laini, kinaruka. Nikakaa kulitafakari kwa hesabu. Skrini ikichora picha 60 kwa sekunde na kishale kikachukua sekunde moja na nusu kuvuka mstari mzima, mstari umegawanyika picha 90, kila picha kama asilimia 1.1 ya nguvu. Kompyuta ikilemewa na kushuka hadi picha 30, kila picha ni asilimia 2.2. Huwezi kubofya kwa usahihi kuliko hapo hata uwe na vidole vya dhahabu.

Nimepunguza ubora wa picha: vivuli nje, miti ya mbali nje, madirisha mengine yote ya kivinjari yamefungwa. Uwanja haupendezi tena, lakini kishale kinateleza.

Na hesabu hiyo imenifungulia mlango mwingine ambao nauona ni mkubwa kuliko kanuni ya 12. Kosa la kubofya ni asilimia ya mstari, na mstari una urefu tofauti kwa kila fimbo na kila aina ya mkwaju. Kosa la asilimia 2 kwenye mstari wa mita 60 ni mita 1.2. Kosa hilohilo kwenye mstari wa mita 20 ni sentimita 40. Kidole ni kilekile, mchezaji ni yuleyule. Kwa hiyo penye chaguo mbili zinazofika, nachukua ile yenye mstari mfupi zaidi. Kwa umbali wa mita 14, pichi ya mstari wa mita 60 inanilazimisha kubofya chini ya robo, ambako kila punje ni kubwa. Chipu ya mstari wa mita 20 inaniweka kwenye asilimia 70, mahali pa raha. Nashangaa jambo hili halizungumzwi zaidi.

Flopu

Kila mtu anaipenda flopu kwa sababu inapendeza kuitazama. Ninaikubali kwa hali moja: kuna mchanga au shimo la nyasi kati yangu na bendera, na grini iliyobaki baada ya hapo ni fupi kiasi kwamba chipu haina pa kukimbilia. Weji ya digrii 60, mpira uko kwenye nyasi fupi. Faida yake kwenye gemu ni ileile ya mstari: flopu ya nguvu nyingi inakwenda karibu, hivyo kila asilimia ni sentimita chache. Hasara ni upepo. Mpira unakaa hewani muda mrefu, na upepo ambao chipu haiujui kabisa unaweza kuusogeza mita nzima. Nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: upepo ukivuma, flopu ibaki kwenye mfuko.

Tofauti ya kimo nayo inahusu flopu na pichi zaidi ya chipu. Grini ikiwa juu yako, mpira unakutana na ardhi kabla haujamaliza kushuka, unatua kwa pembe ya kulala na kukimbia. Ikiwa chini yako, unatua wima zaidi na kukaa. Wengi wanarekebisha umbali wa kuruka tu na kusahau kwamba mbio za baada ya kutua nazo zimebadilika.

Baada ya shindano la mwisho wa mwezi

Ukurasa wa kupanda sasa unapendeza. Mipira mingi imesimama ndani ya ile mita moja na nusu, na iliyobaki nje imebaki nyuma kidogo, ambako kusukuma kunabaki kwa kupanda. Hiyo naikubali kwa mikono miwili. Ukurasa wa kushuka umepungua urefu wa makosa, haujapungua idadi yake: bado nakosa ile mita moja na nusu, ila sikosi tena kwa mita tano. Msimamo umepanda. Si kileleni, lakini nimeshaondoka katikati.

Kinachobaki kwenye kushuka ni kuchagua kasi ya kufika shimoni. Shimo lina upana wa milimita 108, na mpira unaokuja kwa kasi unaliona shimo dogo kuliko hapo, kwa sababu ukipita pembeni kidogo tu unazungushwa mdomoni na kutoka. Kwa kupanda naruhusu mpira uwe na mbio za kupita shimo sentimita arobaini hivi. Kwa kushuka nataka ufe mdomoni. Kuufisha mdomoni kunataka doa la kutua lirudi nyuma, wakati mwingine hadi nje ya grini, kwenye ukingo, ambako nyasi zinakula mwendo. Ukingo huo unakula kiasi gani sijaupima ipasavyo, na ndiyo kazi ya wiki hii: weji, grini ya 12, doa la kutua nusu mita kabla ya grini, kisha mita moja, kisha mbili.

Grini ya ngazi mbili

Shimo moja la uwanja tunaoshindania lina grini yenye ngazi katikati, na bendera wiki hii iko ngazi ya juu. Chipu ya weji ikitua ngazi ya chini inafika kwenye ukingo wa ngazi imechoka, inarudi miguuni mwangu. Ikitua ngazi ya juu inapita. Nafasi iliyo katikati ya hizo mbili ni nyembamba, haifiki mita mbili.

Namba 9 imefanya vizuri zaidi: inatua mapema chini, ina mbio za kutosha kupanda, na ngazi yenyewe inazipunguza mbio hizo kabla ya juu. Namba 7 niliyoiweka kando imerudi mezani kwa ajili ya shimo hili peke yake, kwa kuwa ule ukaidi wake wa kukimbia ndio unaotakiwa hapa. Kesho naijaribu kutoka upande wa kushoto, ambako ngazi ni ya chini zaidi, nguvu asilimia 55 kwanza, kisha naongeza mbili mbili mpaka ivuke.